Kuitikia Hodi: Je, Amani Inaweza Kupangiwa Bajeti kwa Matokeo?

Sisi tuliolelewa Ayivu, kandokando ya mji wa Arua, tuliyajua magari meupe yenye herufi za UN kabla ya kujua kusoma. Yanapita kuelekea Koboko na mpaka wa Oraba, yanapita kuelekea makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi. Kongo iko jirani upande wa Vurra. Sudani Kusini iko mbele kidogo ya Koboko. Vita vikizuka Yei au Ituri, sisi hatuhitaji redio. Tunaona watu wamebeba magodoro kichwani. Kwa hiyo swali ambalo kwa mwanafunzi wa mahali pengine ni la vitabuni, kwetu ni la barabarani: wale waliotumwa kulinda amani huko wanakotoka watu hawa wamefanya nini, na nani anajua kama wamefanikiwa?

Swali hilo lilinirudia darasani, tulipofundishwa kuhusu bajeti inayoegemea matokeo. Mhadhiri alituchorea jedwali ubaoni: lengo, mafanikio yanayotarajiwa, viashiria, na kazi zitakazokamilishwa. Akatueleza kwamba jedwali la namna hiyo ndilo linalotumika hata katika operesheni za kulinda amani za Umoja wa Mataifa. Darasa zima lilikubali haraka kwamba huo ni utaratibu mzuri. Nani atapinga matokeo? Nami nilikubali. Kisha nikaikumbuka Ombaci, na tangu siku ile sijakubali tena kwa urahisi ule.

Ombaci iko Ayivu, mwendo mfupi kutoka mjini Arua. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile walilipiziwa kisasi kwa makosa ya utawala ambao wengi wao hawakuwa na sehemu ndani yake. Wengi walikimbilia Sudani na Zaire. Bibi yangu alikuwa miongoni mwa waliovuka kwenda Zaire. Wengine walikimbilia misheni ya Wakatoliki pale Ombaci, ambako Msalaba Mwekundu ulikuwa ukiwahudumia. Waliamini kwamba mahali penye kanisa na bendera ya msalaba ule hapawezi kuguswa. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa jeshi la serikali la wakati huo, UNLA, waliwashambulia humo humo. Idadi ya waliouawa hutajwa kwa namna tofauti. Wapo wanaosema zaidi ya hamsini, wapo wanaokaribia mia.

Nikajiuliza: kama mtu angetakiwa kulijaza jedwali la mhadhiri wetu kwa ajili ya Ombaci tarehe 23 Juni 1981, angejaza nini? Watu waliohifadhiwa: maelfu. Waliopewa chakula: wengi. Waliotibiwa: wengi. Mashambulizi ndani ya misheni: hakuna. Kila safu ingesomeka vizuri, na hakuna hata neno moja ambalo lingekuwa la uongo. Siku iliyofuata jedwali lile lile lingekuwa karatasi tupu.

Katika insha hii sitasema kwamba kuhesabu ni kubaya, wala kwamba amani ni kitu kitukufu mno kisichoweza kupimwa. Hoja ya namna hiyo huwafurahisha wavivu na wezi. Nitajaribu kuonyesha kwamba matokeo ni kipimo kisichotosha cha wajibu wa mlinzi, kwamba kipo kipimo kingine kinachohesabika vilevile, na kwamba kasoro kubwa ya utaratibu huu ni kimaadili zaidi kuliko kihasibu: anayetolewa hesabu siye anayelindwa.

Kwanza niutendee haki utaratibu wenyewe. Kabla yake, bajeti za Umoja wa Mataifa zilikuwa orodha ya vitu: mishahara kiasi hiki, magari kiasi hiki, mahema, mafuta, redio. Mkaguzi aliweza kuuliza kama magari yalinunuliwa kwa bei halali, lakini hakuwa na mahali pa kuuliza magari hayo yalileta nini. Wakati wa Katibu Mkuu Kofi Annan, Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 55/231 la Desemba 2000, lililoidhinisha bajeti ipangwe kwa kuzingatia matokeo, na katika miaka michache iliyofuata mpango huo ukaenezwa katika operesheni za kulinda amani. Tangu hapo, kila ujumbe, kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 na kuisha Juni 30, hueleza unataka kufikia nini, utajuaje kwamba umefika, na utafanya kazi gani ili ufike. Maelezo hayo huchunguzwa na kamati ya washauri, kisha na Kamati ya Tano ya Baraza Kuu.

Fedha zinazozungumziwa si kidogo. Ujumbe wa Kongo, ulioanza kwa jina la MONUC mwaka 1999 na kuitwa MONUSCO tangu Julai 2010, kwa miaka mingi ulitumia zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka. Anayelipa kodi Ohio au Osaka ana haki ya kuuliza fedha zake zimefanya nini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayedharau daftari kwa kisingizio cha utu, mara nyingi utu anaoutetea ni wake mwenyewe.

Hata hivyo, tazama kinachotokea amani inapoingizwa kwenye daftari. Ugumu wa kwanza ni kwamba amani si kazi ya mlinda amani peke yake. Fundi cherehani akiahidi suruali tatu, suruali ziko mikononi mwake. Mlinda amani akiahidi kwamba mashambulizi yatapungua kwa nusu, ameahidi jambo lililo mikononi mwa watu wengine: makamanda wa waasi, mawaziri, wafanyabiashara wa dhahabu, serikali za majirani. Waandaaji wa bajeti wanalijua hilo, ndiyo maana kila jedwali huambatana na maelezo kuhusu mambo yaliyo nje ya uwezo wa ujumbe. Lakini mtu anayepimwa kwa kitu asichokimiliki atafanya kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Atahamia kwenye kile anachokimiliki. Hapo ndipo doria inapochukua nafasi ya amani.

Doria huhesabika kwa hesabu nyepesi. Chukua mfano wa kubuni: askari 20 katika kila doria, doria 10 kwa siku, siku 365. Jibu ni siku-askari 73,000 za doria. Tarakimu hiyo ni kweli na inakaguliwa. Lakini haisemi kama doria ilipita mchana kwenye barabara kuu wakati kijiji kilichotishwa kiko kilomita sita ndani na hushambuliwa usiku. Novemba 2008 huko Kiwanja, Kivu Kaskazini, watu wapatao 150 waliuawa wakati kambi ya walinda amani wa MONUC ilikuwa karibu kabisa na mji huo. Walioko kambini walikuwa wachache, taarifa zao zilikuwa duni, na walikuwa na kazi nyingine. Sitaki kuwahukumu kwa urahisi. Ninachosema ni kwamba siku zile pia zilikuwa na doria, na doria zile nazo zilihesabiwa.

Ugumu wa pili ni bahati. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika katika miaka ya 1970 juu ya bahati katika maadili: tunawasifu na kuwalaumu watu kwa mambo ambayo kwa sehemu yaliamuliwa na bahati. Madereva wawili wamelewa. Mmoja anafika nyumbani salama, mwingine mtoto anakatiza barabara mbele yake. Kosa lao ni moja, lakini mmoja analala kitandani na mwingine gerezani. Bajeti inayoegemea matokeo humfanya kila mkuu wa ujumbe kuwa mmoja wa madereva hawa. Mwaka ukiwa mtulivu, kiashiria kimefikiwa, hata kama utulivu umeletwa na mvua iliyofunga njia za waasi. Mwaka ukiwa wa damu, kiashiria kimeanguka, hata kama askari wake walikesha.

Ugumu wa tatu ni kwamba kinga haiachi ushahidi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta aliojenga huonekana na kupigwa picha. Aliyeziba ufa hana cha kuonyesha. Kijiji ambacho hakikuchomwa kinafanana na kijiji ambacho hakuna aliyetaka kukichoma. Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia, wanamgambo waliupigania mji na mamia ya watu wakafa. Maelfu ya wengine walijikusanya kuzunguka makao ya MONUC na uwanja wa ndege, wakilindwa na kikosi kidogo kutoka Uruguay. Wangapi waliokoka kwa sababu askari wale walikuwepo? Hakuna mkaguzi anayeweza kutaja tarakimu, ingawa sidhani kuna mtu aliyelala nje ya ua ule atakayesema jibu ni sifuri.

Ugumu huu wote unajulikana hata na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wenyewe. Mwaka 2018 walianzisha mfumo mpya wa kutathmini utendaji wa operesheni zao, ili watazame athari badala ya kazi tu. Lakini sidhani kwamba kuboresha viashiria kutatosha. Sababu yangu iko Juba.

Ujumbe wa Umoja wa Mataifa Sudani Kusini, UNMISS, ulianzishwa Julai 2011, nchi hiyo ilipopata uhuru, hasa kwa ajili ya kusaidia kuijenga dola mpya. Bajeti yake ilifuata lengo hilo. Katikati ya Desemba 2013 mapigano yalipolipuka Juba, raia walikimbilia milango ya kambi zake. Hakukuwa na safu kwenye jedwali iliyosema mtahifadhi makumi ya maelfu ya watu ndani ya ua wenu. Hakukuwa na vyoo, maji wala chakula cha watu hao. Milango ilifunguliwa. Baadaye waliojihifadhi katika kambi mbalimbali walizidi laki moja, na miezi ilipita kabla Baraza la Usalama, Mei 2014, halijabadili majukumu ya ujumbe ili ulinzi wa raia uwe mbele. Yaani jambo bora kuliko yote ambalo ujumbe ule uliwahi kufanya lilifanywa kwanza, likaandikwa baadaye.

Sasa tazama Julai 2016, ujumbe ule ule, mji ule ule. Ulinzi wa raia ulikuwa umekwishaandikwa juu kabisa katika majukumu yake. Tarehe 11 Julai askari wa serikali walivamia hoteli ya Terrain, iliyokuwa kiasi cha kilomita moja kutoka kambi ya Umoja wa Mataifa. Humo mlikuwa na wafanyakazi wa misaada. Mwandishi wa habari mmoja aliuawa, wanawake walibakwa. Walioshambuliwa walipiga simu na kutuma ujumbe wakiomba msaada. Hakuna kikosi cha walinda amani kilichofika. Uchunguzi ulioongozwa na jenerali mstaafu wa Uholanzi, Patrick Cammaert, ulikuta uongozi uliovurugika na vikosi visivyotaka kutoka nje. Novemba mwaka huo kamanda wa kikosi, jenerali kutoka Kenya, aliondolewa. Kenya ikaudhika na kuanza kuwarudisha askari wake, ikisema makosa ya mfumo mzima yametupiwa mtu mmoja.

Miezi mitano kabla ya hapo, Februari 2016, kambi ya hifadhi ya Malakal ilikuwa imeshambuliwa na watu wasiopungua 25 kuuawa, ndani ya eneo lililokuwa chini ya bendera ya bluu. Niliposoma habari za Malakal niliona Ombaci nyingine, iliyochelewa miaka thelathini na mitano.

Kwa hiyo mwaka 2013 hapakuwa na kiashiria na mlango ulifunguliwa. Mwaka 2016 kiashiria kilikuwepo na mlango haukufunguliwa. Sisemi kwamba kiashiria ndicho kilichoufunga. Ninachosema ni kwamba kilichowatofautisha wale wa 2013 na wale wa 2016 hakikuwa kwenye jedwali. Kilikuwa katika namna walivyoelewa kinachodaiwa kwao pale mtu anapobisha hodi.

Neno hodi ni dogo, lakini nadhani lina falsafa kuliko jedwali. Nimelisikia tangu utotoni kwa wafanyabiashara wanaotoka Ariwara, ng'ambo ya Kongo, wakisimama nje ya ua wetu. Mwenye kubisha hodi halazimishi. Anatangaza tu kwamba yuko nje na ana haja. Kuanzia hapo mzigo unamwangukia aliye ndani. Anaweza kusema karibu, anaweza kusema subiri, anaweza kusema sina uwezo. Kitu kimoja hawezi kukifanya bila kujishushia heshima: kusikia na kunyamaza.

Katika maadili kuna mabishano ya zamani kati ya wanaopima tendo kwa matokeo yake, kama Bentham na Mill, na wanaolipima kwa wajibu, kama Kant. Bajeti inayoegemea matokeo inaonekana kuwa mtoto wa kundi la kwanza. Mtu angetarajia basi niseme tulihamie la pili, tuache tarakimu na tutegemee dhamiri. Sitasema hivyo, kwa sababu kuna mahali ambapo wajibu wenyewe unahesabika. Mwaka 2014 ofisi ya Umoja wa Mataifa ya usimamizi wa ndani ilitoa tathmini kuhusu ulinzi wa raia katika operesheni zake. Ilipitia taarifa za Katibu Mkuu za mwaka 2010 hadi 2013 na kukuta matukio 507 ya mashambulizi dhidi ya raia. Kati ya hayo, ni 101 tu, sawa na asilimia 20, ambayo ujumbe uliohusika uliyashughulikia papo hapo.

Tafakari ni tarakimu ya aina gani hiyo. Haipimi kama amani imekuja. Inakubali kwamba mashambulizi yalitokea. Haipimi kazi za kila siku pia. Haituambii doria zilikuwa ngapi. Inapima kuitikia. Hodi 507, majibu 101. Huenda si kila tukio lilijulikana kwa wakati, na pengine katika mengine askari hawakuwa na njia ya kufika. Hata hivyo kipimo hiki ni cha haki kuliko vile vingine viwili. Hakimlaumu askari kwa vita ambavyo hakuvianzisha, na hakimpi sifa kwa utulivu ambao hakuuleta. Kinamwuliza jambo lililo mikononi mwake: ulipoitwa, ulifanya nini kwa uwezo uliokuwa nao?

Wenzangu niliowasomea rasimu ya insha hii walinipinga kwa mambo mawili, na yote mawili yana uzito.

La kwanza: ukiwapima kwa kuitikia, watajifunza kuonekana wanaitikia, kama walivyojifunza kuhesabu doria. Kila kipimo kikifungwa kwenye fedha huharibika. Ni kweli, na hatuhitaji kwenda Juba kupata mfano. Nchi yetu ilisifiwa duniani kwa idadi ya wakimbizi iliowapokea, na sifa hiyo ilistahili; Agosti 2017 wakimbizi kutoka Sudani Kusini pekee walifika milioni moja. Lakini mwaka 2018 wakimbizi wote nchini walipohakikiwa upya kwa alama za vidole na mboni za macho, idadi iliyokuwa ikitajwa kuwa milioni 1.4 ilishuka hadi takriban milioni 1.1. Msaada ulikuwa ukifuata idadi, na idadi ikanenepa. Kumbuka lakini kilichogundua unene huo. Ni kuhesabu tena, na safari hii aliyehesabiwa alilazimika kuwepo mwenyewe na kidole chake.

Hapo ndipo ninapopata jibu langu. Dukani kwetu Ayivu mwenye duka ana daftari la mkopo. Mteja mwenye akili naye ana lake. Mwisho wa mwezi wanayalinganisha. Kila mmoja anaweza kudanganya, lakini si rahisi wote wawili wadanganye kwa namna moja. Bajeti ya ulinzi wa amani ina daftari moja tu. Linaandikwa na ujumbe, linasomwa na wanaolipa, na Marekani peke yake hupangiwa zaidi ya robo ya bajeti hiyo. Mwanamke wa Kiwanja au wa Yei ametajwa ndani ya daftari hilo kama idadi, lakini hana nakala, hana kalamu. Anachoweza kufanya asiporidhika ni kukimbia au kurusha mawe. Julai 2022 watu wa Goma na Butembo walizivamia kambi za MONUSCO wakiitaka iondoke. Raia na walinda amani walikufa. Siwezi kuuita uharibifu ule busara. Lakini ninaielewa hasira ya mtu aliyeishi miaka zaidi ya ishirini ndani ya ripoti za mafanikio bila mtu kumwuliza, mama, ulipobisha hodi nani aliitikia?

Daftari la pili linawezekana. Katika makazi ya Rhino Camp na Imvepi wakimbizi huchagua viongozi wao wa mabaraza, na viongozi hao hujua nyumba kwa nyumba nani amelala njaa. Sioni sababu kwa nini wazee, wanawake na vijana wa kijiji kilicho karibu na kambi ya walinda amani wasiwe na daftari lao: tarehe gani waliomba msaada, kwa njia gani, walijibiwa baada ya saa ngapi, kilifanyika nini. Na sioni sababu kwa nini daftari hilo lisisomwe New York siku ile ile linaposomwa lile la kwanza, kabla fedha za mwaka mwingine hazijaidhinishwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Aliniambia rafiki ambaye ndugu yake ni mwanajeshi: wewe umekaa maktaba, unadai askari wa nchi nyingine atoke usiku akafe kwa ajili ya watu asiowajua. Tangu mwaka 1948 walinda amani zaidi ya elfu nne wamekufa kazini. Sina haki ya kuisahau hesabu hiyo, na wale wa Akobo, Desemba 2013, waliuawa kambini mwao wakiwa wamewahifadhi raia. Kwa hiyo nasisitiza maneno niliyoyatumia: kwa uwezo uliokuwa nao. Kama askari hakutoka kwa sababu alikuwa na risasi chache, gari bovu na amri ya mji mkuu wa nchi yake kwamba asithubutu, basi deni halifutiki, linahama. Linapanda kwa aliyemtuma bila vifaa, kwa serikali iliyompa amri ya siri, kwa Baraza lililoandika kwamba raia watalindwa likijua halijatoa nguvu za kuwalinda. Jedwali la haki lingekuwa na safu kwa ajili ya hao pia. Katika jedwali la sasa mtumwa hupimwa matokeo, na mtumaji ndiye anayeyasoma.

Neno hesabu katika Kiswahili lina maana mbili ambazo darasani tulizichanganya. Kuna kufanya hesabu, na kuna kutoa hesabu. Ya kwanza inahitaji tarakimu. Ya pili inahitaji mtu wa kusimama mbele yake, mwenye haki ya kuuliza na kutoridhika. Operesheni za kulinda amani zimeendelea sana katika ile ya kwanza. Katika ile ya pili, waliosimama mbele ya meza ni walipaji, na waliolindwa au kutolindwa wamebaki nje ya mlango.

Nilipokuwa naandika insha hii nilirudi nyumbani na kupita Ombaci. Pana ukumbusho wa waliouawa, na manusura bado wanadai kutambuliwa na kufidiwa. Nilimwuliza bibi anadhani walikuwa wangapi. Hakutaja idadi. Alianza kutaja watu, mmoja mmoja, na ukoo wa kila mmoja, na nani alikuwa amevaa nini. Alipofika kwa mtu wa saba alinyamaza, akaniuliza mimi ninayesoma chuo kikuu kama yupo mtu yeyote aliyewahi kuulizwa. Sikuwa na jibu la kumpa, wala jedwali la mhadhiri wetu halikuwa na safu ya swali hilo.